Vyoo Tulivyowachimbia Wakwe

Nikisikia mtu anakwenda kijijini kupima maendeleo, hata leo, moyo hunidunda. Wajukuu zangu hunicheka. Wacheke tu. Wao hawajawahi kuchimba choo cha futi nane kwa mikono yao ili washindwe.

Miaka hiyo, kabla ya uhuru, kijijini kwetu upande wa Didia kulikuwa na klabu ya vijana. Waliokuwa wakiitunza ni akina mama fulani wa Ulaya, watu wenye huruma nyingi na masanduku mengi. Wao wenyewe hatukuwaona hata siku moja. Tuliyaona masanduku, yaliyokuwa yakishushwa stesheni ya Shinyanga na kuletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mwaka mmoja walituletea soksi za sufu, nene, jozi arobaini, na jua lenyewe lile mnalijua. Basi, hatukuwa watu wa kukosa shukrani. Tulizichujia maziwa, na tangu hapo sijaona kichujio kizuri kama kile.

Lakini nisiwe mwongo, klabu ilitufaa. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tabora, mpole, mwenye kanzu safi hata wakati wa vumbi, na alimchukia nzi kama vile nzi alimwulia ndugu. Alitufundisha kuchimba choo, kutengeneza kichanja cha kuanikia vyombo, kutundika kibuyu cha maji mlangoni ili mtu anawe mikono kabla ya kula. Alitufundisha kufunga bendeji. Na mimi, ambaye nyumbani nilikuwa nimesomeshwa miaka minne tu nikatolewa, alinirudisha kwenye kusoma mpaka nikawa mtu pekee kijijini, ukimwacha yeye, anayesoma barua bila kuifuata kwa kidole.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Siku moja mwalimu aliniita, akaniambia wale akina mama wanataka kumsomesha msichana mmoja uuguzi kwenye hospitali ya misheni, miaka mitatu. Ila kwanza watamtuma mtu kuja kupima kama klabu imeleta faida. "Ikionekana imeleta faida," akasema, "msichana huyo ni wewe. Jina lako nimeshaliandika."

Jamani, nilitaka! Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nikiwafunga bendeji mbuzi. Nyumbani nako mambo yalikuwa yamekaza, maana alikuwa ametokea mchumba, mtu wa kazi ya mgodini Geita, mwenye mke mmoja tayari na baiskeli mbili, moja ya kupanda na moja ya kutazamwa. Ng'ombe wa mahari alikuwa nao tayari. Baba, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Nitamwambia asubiri mpaka huyo mpimaji apite. Akisema uende, utakwenda, mimi sitakushika. Asiposema, sitawazuia ng'ombe wa watu njiani." Hivyo maisha yangu yote yakawa yanamngoja mtu mmoja na karatasi zake.

Barua ya kumtangaza ilifika mwalimu akiwa ameshakwenda Shinyanga kumpokea mgeni huyo. Kwa hiyo niliisoma mimi, mbele ya watu wote, uwanjani. Niliisoma vizuri. Ilisema bibi mkaguzi atafika Ijumaa. Ataanza na kijiji cha ng'ambo ya mto, ambacho hakikupata msaada wowote, kisha aje kwetu tuliosaidiwa. Ataviweka vijiji viwili pamoja ili ionekane wazi wale wamekosa nini na sisi tumepata nini.

Nilipomaliza, nilidhani watu watapiga makofi.

"Soma tena hapo," akasema mzee mmoja. Nikasoma tena. "Kwa hiyo anakwenda kwa wakwe zetu kuangalia walivyokosa?"

"Ndiyo, baba."

"Halafu aandike?"

"Ndiyo."

"Wamemkosea nini huyo mama?"

Hapo lazima niwaeleze kitu. Ng'ambo ya mto hawakuwa watu baki. Nusu ya mama zetu walizaliwa kule, na mama yangu mmojawapo. Nusu ya vijana wetu walikuwa na wachumba kule. Kwetu sisi Wasukuma mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka unachoka. Hupiti karibu naye, huli mbele yake, jina lake hulitaji. Sasa aje mgeni kutoka mbali, amkute mkwe wako hana choo, aandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo iende Ulaya! Na sababu ya kuaibishwa kwake iwe ni wewe, kwamba wewe unacho!

Akasimama nsumba ntale. Huyo ndiye mkubwa wa vijana kijijini, mwenye kuwaita kwenye kazi za pamoja, na akishaita, baba yako mwenyewe hawezi kukuficha. Alikuwa kijana mrefu, na mchumba wake alikuwa ng'ambo. Akasema, "Kesho alfajiri, wote, na majembe na sururu. Tunakwenda ng'ambo kuchimba. Asiyekuja, mbuzi."

Mbuzi maana yake ni faini. Ukikosa kazini, vijana wanakuja kwenu, wanamchukua mbuzi, wanamla, na wewe unakaribishwa supu.

Nilisimama. Nilisema, na nasema leo kwamba nilisema, "Lakini mgeni anataka akute hawana! Ndiyo maana ya kipimo! Tukiwachimbia sisi tutaonekana hatukufanya kitu!"

Walinitazama kana kwamba nimevua nguo. Shangazi yangu mmoja akaniuliza, "Wewe mtoto, unataka mama yako aende wapi na uso wake?" Mama alikuwa amekaa pale pale na wanawake wenzake. Nikakaa chini.

Basi tukaenda, na mimi nikiwemo, kwa sababu mbuzi wetu walikuwa wawili tu.

Tulichimba siku tatu. Ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka, sururu inaruka na kurudi. Tulichimba vyoo kumi na kimoja, tukajenga vichanja na kutundika vibuyu. Ugumu haukuwa ardhi peke yake, ulikuwa ni wakwe. Kijana hawezi kuonwa na mama mkwe wake akiwa kifua wazi, tena anachimba shimo la haja, tena la kwake huyo mama. Kwa hiyo tuliweka mtu wa kuangalia njia. Akikohoa, wachimbaji wote wanaochumbia nyumba ile wanaingia shimoni. Siku ya pili mama mkwe mtarajiwa wa nsumba ntale alikuja kuanika mtama wake hatua chache kutoka kwenye shimo, akakaa, akaanza kuupeta. Alipeta tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Nsumba ntale, mtu mwenye kuwatoza watu mbuzi, alikaa chini ya shimo muda wote huo bila kukohoa, na sisi tukawa tunamteremshia maji kwa kamba, tukijifanya tunapima kina. Yule mama alijua, haki ya Mungu. Nilimwona akicheka ndani ya ungo.

Mimi kazi yangu, baada ya kuchimba, ilikuwa kuwafundisha wasichana wa kule. Nilikaa na binti wa mjomba, kaka wa mama yangu. Tulikuwa karibu umri mmoja. Nilimwonyesha bendeji ya kichwa, ya kiwiko, ya kifundo. Alikuwa na vidole vyepesi. Mara ya kwanza alikosea, mara ya pili akafanya kama mimi, mara ya tatu akafanya kuliko mimi. Nilimpenda na nikataka kumpiga kofi.

Alhamisi mjomba alichinja dume. Ndiyo desturi, waliofanyiwa kazi huwalisha waliofanya. Tulikula nyama ile mpaka jioni, na tulivuka mto kurudi kwetu tukiwa tunajikokota. Zana zetu zote tuliziacha kule, zilikuwa zimependeza zikiwa zimepangwa ukutani. Kwetu hakuna aliyefagia hata ua. Tulisema sisi tunajulikana.

Ijumaa bibi mkaguzi akaja na Landrova, akaanzia ng'ambo, na baadhi yetu tulikuwa tumeshavuka kumpokea. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, mwenye kofia pana na uso wa haki. Alisema Kiswahili cha kitabuni, kila neno limesimama peke yake. Kwa kuwa Kisukuma hakukijua, na wazee wengi Kiswahili hawakukijua, ilibidi mimi niwe mkalimani. Mwalimu, aliyekuja naye, alitaka kushuka garini, bibi mkaguzi akamkatalia. Alieleza kwamba mwalimu akiwepo, watu watasema ya kumfurahisha, na kipimo kitaharibika. Akamwacha ndani, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi. Nilimwona mwalimu wangu akivitazama vile vyoo vipya, akafungua mdomo, akapiga kioo kwa kiganja. Bibi mkaguzi alimpungia mkono.

Alikuwa na fomu. Kila nyumba alitoa alama. Choo, alama kumi. Vyombo, kumi. Mikono, kumi. Mwisho palikuwa na mstari wa furaha ya vijana, nao una kumi. Aliingia choo cha kwanza, akanusa, akatoka ameng'aa. "Safi kabisa! Hakuna hata nzi!" Nzi atoke wapi? Hakuna binadamu aliyekuwa ameshakitumia. Wenyewe walikuwa bado wanabishana kama baba mkwe na mke wa mwanawe wanaweza kushirikiana shimo moja, na walikuwa wamekubaliana kwamba hawawezi. Vyoo kumi na kimoja, vyote havina mtu. Akaandika kumi, kumi, kumi.

Furaha nayo ilikuwepo. Vijana wa kule walikuwa wamekula dume, wamelala, wamechimbiwa. Kwa nini wasifurahi?

Akaomba mtu afunge bendeji. Binti wa mjomba alimfunga baba yake kichwa, akamfunga vizuri hata yule mama akaizunguka kazi ile mara mbili. Mjomba hakuwa na jeraha, lakini aliipenda bendeji ile akakaa nayo wiki mbili, na watu wakawa wanampa pole.

Hapo ndipo bibi mkaguzi alipouliza. Alikuwa amesimama katikati ya ua, kalamu mkononi, na nitasema kwa haki kwamba aliuliza kwa makini. "Muulize mwenye nyumba. Haya yote amefundishwa na nani?"

Nikamuuliza mjomba kwa Kisukuma. Mjomba alinitazama kwa muda chini ya bendeji yake. Alikuwa anajua habari zangu zote, uuguzi, mchumba, ng'ombe. Akasema, "Mwanangu, jibu wewe. Utakalosema wewe ndilo nililosema mimi."

Ala! Mtu mzima ananitupia mimi!

Nilijua la kusema. Maneno yalikuwa mdomoni, mafupi, ya Kiswahili chepesi, *tumewachimbia sisi, nimemfundisha mimi*. Ningesema hayo, klabu ingesimama na mimi ningekwenda. Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa amekuja na wanawake wa kwetu, amesimama nyuma kwenye ua wa nyumba aliyozaliwa. Nilitaka anipe jicho tu, ndiyo au hapana. Mama alikuwa ameinama, ameshika pindo la kanga yake, anatazama miguu.

Nikaona aibu yake imeanza hata kabla sijafungua mdomo. Nikasema, "Anasema wamejifunza wenyewe, Bibi."

"Wenyewe?"

"Wenyewe kabisa."

Akaandika kwa muda mrefu.

Kwetu mambo yalikwisha haraka. Choo chetu kilikuwa na miaka miwili, kinatumika, na choo kinachotumika kina harufu ya choo. Akaandika tatu. Majembe ya klabu yako wapi? Hayapo. Vibuyu? Viwili vimekauka, maana watu wa kuvijaza walikuwa ng'ambo siku tatu. Vijana wakapangwa mstari ili furaha yao ipimwe. Nsumba ntale alilala akiwa amesimama, akaegemea jirani yake, na jirani naye alikuwa amelala. Bibi mkaguzi aliwapitia taratibu akiwatazama nyuso, akatoa moja. Moja katika kumi! Hata msibani watu hupata zaidi.

Mimi nilifunga bendeji ya kiwiko. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya sururu, vimepasuka, na kitambaa kilikuwa kinanata kwenye ngozi. Bendeji ikateleza. Nikaifunga tena, ikateleza. "Si kitu," akasema yule mama kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. "Utajifunza." Jioni mwalimu alitolewa garini amelowa jasho. Aliniuliza, "Mmefanya nini?" Nikamweleza. Alikaa chini na kanzu yake ile, vumbini.

"Nikimwandikia sasa," akasema, "ataona nimeambiwa alama ndipo nikatunga." Aliandika hata hivyo, barua mbili. Hakujibiwa.

Barua ya majibu ilikuja baada ya mavuno. Mwalimu aliniambia yeye hawezi kuisoma mbele za watu, kwa hiyo nikaisoma mimi. Watu walijaa uwanjani, na wa ng'ambo walikuwa wamealikwa. Ilisema uchunguzi umefanywa kwa uangalifu. Imeonekana kijiji kisichosaidiwa kimeendelea kukipita kilichosaidiwa, na vijana waliosaidiwa wamekuwa wachovu na wasio na furaha. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba msaada unawadhuru, na utakoma. Wa ng'ambo nao hawatapelekewa kitu chochote, wasije wakaharibika. Ila kwa kuwa huko alionekana msichana mmoja aliyejifunza bendeji bila mwalimu, jambo la ajabu, yeye ndiye atakayesomeshwa uuguzi.

Nilisoma mpaka sahihi.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia tena. Watu hawakuona kwamba tumeshindwa. Waliona wakwe wametukuzwa mpaka Ulaya, na sisi ndio tuliowatukuza. Nsumba ntale alibebwa juu. Mzee yule wa kwanza alinishika mkono akasema, "Umeona? Ungetuletea balaa siku ile." Baba alicheka, akasema mtoto wa shemeji yake ni mtoto wake, kisha akaniona usoni, akaacha kucheka, akaenda kukaa peke yake. Binti wa mjomba alikuja kunikumbatia huku analia. Nilimkumbatia. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma, lakini kosa lake yeye lilikuwa nini?

Niliondoka. Nilimkuta mama jikoni anasonga ugali. Nikasimama mlangoni, nikatamani nimtupie kila kitu kilichokuwemo mle ndani.

"Nilinyamaza kwa ajili yako," nikamwambia. "Ujue hivyo. Ningeweza kusema, ila nilikuona umeinama, nikaogopa kukuaibisha kwenu."

Mwiko ukasimama.

"Nimeinama kwa aibu?" akasema. "Mimi? Niliinama ili usinitazame. Nilijua ukiniona machoni utanihurumia, usiseme. Nilikuwa nimesimama pale nasubiri useme."

"Na mjomba?"

"Kaka yangu angenuna mpaka mvua, basi. Ameshanuna mara ngapi!" Akaushika mwiko tena, akauacha tena. "Kwa nini unadhani alikuachia wewe ujibu? Sisi wote wawili tulikuwa tumekuachia, mwanangu. Ungesema."

Ng'ombe waliletwa Jumatatu.